Nina miaka 27 na mtoto mdogo: naweza kujifunza ufundi umeme huku nikilipwa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, nina mtoto wa miaka minne, na ninafanya kazi ghalani, zamu za usiku. Tangu utotoni napenda kufungua vitu nione ndani kuna nini. Nimesikia kuna uanagenzi wa ufundi umeme ambao mtu anajifunza huku analipwa, na kampuni moja imeniita kwenye usaili. Lakini mjomba wangu, ambaye amefanya kazi za ujenzi maisha yake yote, anasema hayo ni maneno matamu ya kutafuta vibarua wa bei ya chini: nitabeba ngazi miaka minne na nitatoka sijui kitu. Mshahara wa kuanzia ni mdogo kuliko ninaoupata sasa. Hesabu shuleni ilinishinda. Na niseme ukweli, umeme naugopa; niliwahi kurushwa na pasi nikiwa mdogo. Je, niache kazi nikajaribu, au nijilipie chuo kwanza? Na ninunue vifaa gani kabla ya kwenda?"

Marahaba, binti yangu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, na yote yana uzito. Nimefanya kazi ya umeme zaidi ya miaka 30, na kwa karibu nusu ya miaka hiyo nimekuwa na wanagenzi kando yangu, kwa hiyo nitakujibu kama ninavyowajibu wao tunapokaa chini wakati wa mapumziko. Nikiichambua barua yako naona hofu moja ndiyo iliyozaa nyingine zote: utafundishwa, au utatumiwa?

Mjomba wako hasemi uongo, wala usigombane naye. Anachokueleza kipo, nimekiona kwa macho yangu. Kijana anabeba ngazi, anatoboa ukuta, anavuta waya kwenye paipu, na fundi akifika kwenye boksi la breka, zile swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi, anamtuma misumari. Miaka inapita, mikono inakomaa, lakini ukimuuliza kwa nini waya huu ni mnene na ule mwembamba anakujibu, "ndivyo tunavyofanya." Huyo ni saidia fundi. Analipwa nguvu zake za siku hiyo, na anachojifunza anakidokoa kwa macho. Si aibu kuwa saidia fundi, wengi wetu tulianzia hapo. Ila hakuna mtu anayedaiwa kumfundisha.

Mwanagenzi anadai. Mkataba wake unaeleza kwa maandishi muda wa mafunzo, aina za kazi atakazopitishwa, fundi mwenye sifa atakayemsimamia, saa za darasani, jinsi mshahara utakavyopanda na mtihani atakaoufanya mwishoni. Nchi nyingi zinataka mkataba huo usajiliwe kwenye mamlaka ya mafunzo, kwa hiyo mwajiri akikugeuza mbeba ngazi una mahali pa kumshtakia. Ujerumani, kwa mfano, uanagenzi wa umeme huchukua miaka mitatu na nusu, na mwanagenzi anagawa muda wake kati ya kampuni na shule ya ufundi. Marekani kawaida ni miaka minne hadi mitano: takriban saa 8,000 za kazi chini ya usimamizi, pamoja na darasa la saa zisizopungua 144 kila mwaka. Ukiona hesabu kama hizo kwenye karatasi, ujue kuna mtu aliyekaa akafikiria jinsi ya kukutoa kwenye kubeba ngazi hadi kwenye kusaini kazi yako mwenyewe.

Na hilo la kulipwa ukijifunza si jambo la kale. Zamani mara nyingi mzazi ndiye aliyemlipa fundi ili mtoto apokewe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1563 ilitaka mtu akae chini ya fundi miaka saba kabla ya kuruhusiwa kuifanya kazi hiyo mwenyewe, na katika miaka hiyo alichopata zaidi kilikuwa chakula na mahali pa kulala. Leo pesa inatoka kwa mwajiri kwenda kwa mwanafunzi. Mtu akikudai ada ndipo akupe "nafasi ya uanagenzi", amekurudisha karne zile, na mimi ningeondoka hapo mapema.

Sasa kwa nini mwenye kampuni akulipe wakati bado hujui kitu? Ukilielewa hili, utakuwa umeelewa pia kwa nini mshahara wa kuanzia ni mdogo. Miezi ya kwanza wewe ni hasara. Kazi ambayo fundi angeimaliza kwa saa mbili inachukua tatu, maana anasimama akuonyeshe, anapima upya ulichofunga, na mara nyingine anakifungua chote ili uanze tena. Mwaka wa pili unafunga soketi na kuvuta kebo bila kushikwa mkono, yeye anakagua tu. Mwaka wa tatu na wa nne unafanya karibu kila anachofanya fundi kamili, na bado hulipwi kama yeye. Hapo ndipo mwajiri anarudisha alichokutumia. Ndiyo sababu mshahara hupangwa kwa ngazi: Marekani programu nyingi humwanzisha mwanagenzi kwenye nusu hivi ya malipo ya fundi kamili, au chini ya hapo kidogo, kisha humpandisha kadiri saa na mitihani inavyokamilika.

Kwa hiyo sehemu ya mshahara wako inalipwa kwa pesa na sehemu inalipwa kwa ujuzi. Ujuzi usipotolewa umepunjwa, hata kama pesa inaingia kila mwisho wa mwezi bila kuchelewa. Hicho ndicho kipimo ninachotaka uende nacho kwenye usaili.

Ukifika huko, usiishie kuuliza utalipwa kiasi gani. Uliza nani atakusimamia, kwa jina, na ana leseni ya daraja gani. Uliza ana wanagenzi wangapi chini yake, kwa sababu fundi mmoja na wanagenzi wanane ni kundi la vibarua lenye jina zuri. Uliza kama kuna kitabu cha kumbukumbu, kile ambacho kila kazi uliyofanya inaandikwa na fundi anasaini, na omba uonyeshwe cha mwanagenzi wa mwaka wa tatu. Kitabu hicho hakidanganyi. Kikiwa kimejaa "kuvuta waya, kuvuta waya, kuvuta waya" kurasa 40, umepata jibu la mjomba. Kikiwa na kupima, kutafuta hitilafu, kufunga boksi la breka, mota, taa za dharura, basi kuna shule ndani ya kampuni hiyo. Uliza pia wanagenzi waliotangulia wako wapi leo, na kama unaweza kuongea na mmoja wao bila bosi kuwepo. Mwajiri mzuri hufurahi kuulizwa hivyo. Anayenuna amekusaidia mapema.

Kuhusu hesabu. Watu wamelitia chumvi jambo hili mpaka vijana wazuri wanakimbia. Hakuna atakayekuuliza vitu vya ajabu. Utahitaji kuzidisha, kugawanya, sehemu, asilimia, na kugeuza kanuni fupi ili upate unachokitafuta. Tuijaribu sasa hivi. Nguvu kwa wati ni volti mara ampea, yaani msukumo wa umeme mara kiasi cha mkondo unaopita. Hita ina lebo ya wati 2,300 na umeme wa jengo ni volti 230. Inavuta ampea ngapi? Gawanya 2,300 kwa 230: ampea 10. Umeshapiga hesabu ambayo mafundi hupiga kila siku. Nyingine: unataka paipu ikwepe boriti kwa sentimita 10, na mashine yako inakunja nyuzi 30. Alama za mikunjo miwili uziweke umbali gani? Sentimita 20, kwa kuwa kwenye nyuzi 30 unazidisha kwa mbili. Shuleni waliiita trigonometria, wakaiandika ubaoni bila paipu. Nimewaona wengi walioshindwa na ubao wakaielewa paipu asubuhi moja.

Hata hivyo usiende mikono mitupu. Programu nyingi zina mtihani wa kuingia wenye aljebra ya msingi na kusoma kwa ufahamu. Tafuta kitabu cha hesabu cha sekondari ya chini, ukae nacho nusu saa kila siku kwa wiki sita au nane, ukianza na sehemu na milinganyo mepesi. Kusoma nako usikudharau. Nimeshuhudia wanagenzi wenye mikono ya dhahabu wakikwama kwa sababu hawakupenda kusoma maelekezo hadi mwisho.

Nikuonyeshe kwa nini hesabu na mikono haviachani. Chukua soketi moja ya ukutani. Nyuma yake kuna matundu madogo yenye skrubu, ya waya wa moto (unaoleta umeme), wa nyutro (unaourudisha) na wa ardhi (wa usalama). Unamenya ganda la waya kiasi cha urefu wa kucha ya kidole gumba, bila kuikwaruza shaba, kwa sababu shaba iliyokwaruzwa huvunjika hapo hapo ikikunjwa. Unaingiza mpaka mwisho, ganda liguse mdomo wa tundu. Unakaza. Halafu unashika waya na kuuvuta. Huko kuvuta ndiko kunakosahaulika. Chukulia mtu amesahau, na skrubu imelegea kidogo tu, kiungo kikawa na ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kupita, wa nusu omu. Ile hita ya ampea 10 inachomekwa. Joto kwenye kiungo ni ampea mara ampea mara omu: 10 mara 10 mara nusu, wati 50. Hilo ni joto la chuma kidogo cha kulehemu nyaya, limefichwa ndani ya plastiki, nyuma ya ukuta, saa baada ya saa. Plastiki inageuka kahawia, kiungo kinazidi kulegea, ukinzani unapanda, joto linapanda zaidi.

Na breka? Breka haijui kitu. Yenyewe inaona ampea 10 zilezile, na imewekwa ikate zikizidi labda 16 au 20. Breka ya kawaida inalinda waya usizidiwe na mzigo, na inakata haraka kukiwa na shoti, yaani nyaya zikigusana. Kiungo kilicholegea hakimo kwenye kazi yake. Nyumba inaungua na kila kifaa kwenye boksi kimefanya kazi yake sawasawa. Ndiyo maana nasema kazi hii inafundishwa na mtu aliyesimama kando yako akivuta waya uliokaza wewe. Hakuna video itakayokuvutia waya wako.

Tuje kwenye woga, ambao umeutaja kama vile unaungama dhambi. Binti yangu, mwanagenzi asiyeogopa ndiye anayeninyima usingizi. Kuna msemo wa hovyo kwenye kazi hii kwamba fundi asiyepigwa shoti, yaani asiyerushwa na umeme, bado hajawa fundi. Upuuze. Shoti haifundishi chochote. Inaonyesha kwamba hatua fulani ilirukwa.

Elewa kinachotokea. Kinachodhuru ni mkondo unaopita mwilini, na kiasi chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Miliampea moja, yaani sehemu ya elfu ya ampea, unaisikia kama mchonyoto. Karibu na miliampea 10 misuli ya mkono inaweza kukaza ukashindwa kuachia ulichoshika. Ukipanda kufikia 30 na kuendelea, kutegemea mkondo umepita wapi na kwa muda gani, pumzi na moyo vinaingia hatarini. Miliampea 30 ni kiasi ambacho balbu ndogo ya wati 7 kwenye volti 230 huvuta. Sasa linganisha na breka ya ampea 16: inaruhusu miliampea 16,000, zaidi ya mara 500. Unaona kwa nini breka ya kawaida haiwezi kukuokoa wewe? Kwa ajili ya mwili wa binadamu kuna kifaa kingine, swichi inayokata umeme unapovuja, mafundi wengi wanaiita RCD. Inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ile pasi ya utotoni, kama jengo lingekuwa na kifaa hicho, huenda ungestuka tu na umeme ukakatika papo hapo.

Lakini fundi halindwi kwanza na kifaa. Analindwa na utaratibu. Nikiwa mwaka wa pili tulikuwa tunabadilisha swichi kwenye jengo la ghorofa. Nilizima breka yenye lebo ya chumba kile, nikapanda, nikagusisha testa, kile kifaa cha kupima kama waya una umeme: kimya. Nikanyoosha mkono. Fundi wangu akanishika kiganja, si kwa ukali, akauliza, "Testa yako yenyewe iko hai?" Akaichukua, akaigusisha kwenye soketi ya korido ambayo sote tulijua ina moto. Kimya. Betri ilikuwa imekufa. Tukachukua testa yake, tukarudi kwenye swichi ile: ina moto kamili. Aliyeandika lebo kwenye boksi alikosea chumba. Makosa mawili madogo yalikuwa yamekutana, na kati yangu na waya ule kulikuwa na kiganja cha mtu tu.

Tangu siku ile sijawahi kugusa kabla ya kupima mara tatu: testa kwenye kitu chenye moto ninachokijua, kisha kwenye waya ninaotaka kuushika, kisha tena kwenye kile chenye moto. Na breka inapigwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwangu, asije mtu akaiwasha kwa wema. Wanagenzi wangu nawafundisha hilo kabla sijawapa bisibisi. Mahali utakapofanya usaili, omba uwaone kazini hata saa moja, na uangalie kama wanapima hivyo. Wakiwa hawapimi, shukuru kwa muda wao uondoke, hata kama mshahara ni mzuri.

Mshahara, basi. Hapa sitakupamba. Mwaka wa kwanza utabana, na wewe una mtoto, kwa hiyo hujibani peke yako. Chukua karatasi uandike unachotumia kwa mwezi kweli, si unachodhani. Kisha uulize kampuni mambo ambayo watu huyagundua wakiwa wameshaingia: saa za darasani zinalipwa au la, nauli ya kwenda kwenye maeneo ya kazi ni ya nani, ada ya mtihani nani anailipa, kazi zikipungua unabaki na mshahara au unarudishwa nyumbani, na mkataba unasemaje ukiugua au mtoto akiugua. Uliza pia saa za kuanza. Kazi za ujenzi huanza alfajiri, na wewe umezoea zamu za usiku. Nani atampeleka mtoto? Hilo ni dogo kwenye karatasi na kubwa maishani. Nimewapoteza wanagenzi wazuri kwa jambo la saa 12 asubuhi, wala si kwa umeme.

Usiache kazi ya ghala kwa sababu ya usaili. Uiache ukiwa na mkataba uliosainiwa wenye tarehe ya kuanza. Ukiweza kujiwekea matumizi ya miezi miwili au mitatu kabla ya tarehe hiyo, utalala vizuri zaidi. Na ukilinganisha mishahara, usiishie kwenye mwezi wa kwanza. Uliza utakuwa unapata nini mwaka wa tatu, na fundi kamili wa kampuni hiyo anapata nini, kisha uweke pembeni yake kile ambacho ghala litakupa baada ya miaka minne. Inawezekana ghala likashinda. Kuna maghala yenye vyeo vizuri. Lakini ulinganishe hivyo.

Chuo kwanza? Chuo ni kizuri, mimi mwenyewe nafundisha huko jioni mbili kwa wiki. Kinakupa nadharia kwa mpangilio, maabara, na nafasi ya kukosea bila kumuunguzia mtu nyumba. Tatizo ni kwamba mahali pengi cheti cha darasani peke yake hakikupi leseni. Utadaiwa saa za kazi chini ya fundi, na utarudi kuzitafuta ukiwa umeshatumia akiba. Wapo wahitimu wanaojua kuchora mzunguko mzima lakini hawajawahi kutambaa darini na kebo begani, na wakifika kazini wanaanza karibu na mwanzo. Kwa kuwa wewe umeshaitwa, ningeanza na usaili. Ukikosa, chukua kozi fupi ya msingi, si ndefu ya kukufilisi, na kabla ya kulipa uulize kwa maandishi kama itahesabiwa kwenye uanagenzi utakaoupata baadaye. Njia ya tatu ni hiyo ya mjomba, kuingia kama saidia fundi. Usiidharau kama milango mingine imefungwa, ila tangu siku ya kwanza andika daftari lako: tarehe, kazi, fundi aliyekuwepo, na umwombe asaini. Kuna nchi ambako ujuzi uliopatikana kazini hupimwa na kutambuliwa, na daftari kama hilo huwa ushahidi wako.

Umri usikusumbue. Ukianza sasa utakuwa fundi kamili kabla ya miaka 33. Wanagenzi wenye umri wako wana kitu ambacho wa miaka 17 hawana: wanafika kwa wakati na hawaoni haya kusema "sijaelewa". Sentensi hiyo fupi imeokoa vidole vingi.

Hukutaja kwamba wewe ni mwanamke kama tatizo, nami silitaji hivyo. Lakini ningekuwa nakuficha nisipokuambia kwamba kwenye maeneo mengi ya ujenzi unaweza kuwa peke yako. Uliza kuhusu choo, kinachofungwa kwa ndani. Uliza kama glovu na mkanda wa usalama vinapatikana kwa saizi yako, kwa maana glovu kubwa ni hatari yenyewe: kidole hakihisi skrubu. Na uliza malalamiko ya kusumbuliwa yanapelekwa kwa nani, nje ya fundi anayekusimamia. Wakikujibu kwa kucheka, jibu umelipata. Nguvu za mwili zinahitajika, ila umeshazizoea ghalani. Kinachochosha zaidi ni magoti, mabega ya kufanya kazi mikono juu, na joto la darini.

Kabla ya kusaini chochote, kuna watu watatu wa kuwaona ana kwa ana, kwa sababu hayo mimi siwezi kuyafanya kwa maandishi. Wa kwanza ni ofisi inayotoa leseni za mafundi umeme mahali ulipo. Kanuni zinatofautiana, nao ndio wanaojua kama uanagenzi wa kampuni hiyo unatambuliwa. Wa pili ni mtu anayejua mikataba ya kazi, ofisa wa kazi au mtu wa chama cha wafanyakazi, ausome mkataba wako, hasa kifungu cha ukiacha katikati. Baadhi ya mikataba hudai urudishe gharama za mafunzo, na kiasi hicho lazima ukijue mapema. Wa tatu ni daktari wa macho, akupime kuona rangi. Waya hutambulika kwa rangi: kahawia, bluu, kijani na njano kwenye mfumo unaotumika sana, na majengo ya zamani yana rangi nyingine kabisa. Wapo waliofika mwaka wa pili ndipo wakagundua hawaoni tofauti ya kijani na kahawia kwenye mwanga hafifu, na inauma kuwaona.

Na hili lishike ukiwa mwanagenzi au usipokuwa: mtu akipigwa na umeme, usimguse kabla umeme haujakatwa. Akizimia, akisikia maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kuruka, akiungua, au mkondo ukiwa umepita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, aende hospitali hapo hapo, hata kama anasimama na kusema yuko salama. Kidonda cha nje kinaweza kuwa kidogo kama punje ya mtama na ndani kuna madhara. Asipopumua, ita msaada na muanze kumkandamiza kifua. Uliza kwenye usaili kama wanafundisha huduma ya kwanza. Wanapaswa.

Mwisho uliuliza vifaa. Usinunue sanduku. Kampuni nyingi zina orodha yao, na nyingine zinakupa. Nunua viatu vizuri vyenye ncha ngumu na soli isiyoteleza, uvivae nyumbani wiki mbili kabla ili visikuchubue siku ya kwanza. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni na penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki ukutani ukiwa umelala chali. Bisibisi na koleo zenye mishikio iliyopimwa kwa volti 1,000 zitafuata ukishajua mkono wako unapenda saizi gani. Testa usiinunue kabisa bila fundi wako kuwepo. Ya bei rahisi sokoni inaweza kukuambia hakuna umeme mahali ambapo umeme upo, na hiyo ndiyo sentensi pekee ambayo testa hairuhusiwi kukosea.